Mwanangu ni mrushaji wa besiboli na kiwiko kinamuuma: je, apasuliwe?

"Shikamoo daktari. Tunaishi Ohio, na mtoto wetu wa kiume ana miaka 15. Anacheza besiboli, nafasi yake ni urushaji, yaani ndiye anayemrushia mpigaji mpira. Machi hadi Mei anachezea timu ya shule, halafu kiangazi chote hadi Oktoba yuko kwenye klabu tunayoilipia, na miezi ya baridi ana mwalimu wa kurusha ndani ya ukumbi. Kasi yake ilifika maili 82 kwa saa na kila mtu anasema atafika mbali. Sasa ni wiki ya tatu kiwiko kinamuuma upande wa ndani. Mwanzo kiliuma baada ya mechi tu, siku hizi kinauma hata akirusha taratibu, na kasi imeshuka. Anameza ibuprofen kabla ya kucheza. Alhamisi iliyopita alirusha mipira 88 shuleni, Jumamosi klabu wakamrushisha 60. Kocha wa klabu anasema ni kawaida, na kwamba hata akifanyiwa upasuaji wa Tommy John, ule wa kuweka ligamenti mpya kiwikoni, si hasara, mkono hurudi na nguvu zaidi na ni heri ufanywe mapema. Baba yake anataka aache kabisa, arudi kwenye soka. Baada ya wiki tatu kuna mashindano ambayo maskauti, wale wasaka vipaji wa timu kubwa, watakuja. Je, amalizie msimu? Apasuliwe? Na hii kazi ya urushaji ipo kweli, au tunamwaga pesa?"

Marahaba, mama, na pole sana. Kabla ya maelezo marefu, pokea jibu fupi: kuanzia leo asirushe mpira, iwe mechini, mazoezini au uani na wadogo zake, mpaka kiwiko kitazamwe na daktari wa majeraha ya michezo. Hayo mashindano yahesabu kuwa yamempita. Najua hilo ndilo gumu kuliko yote uliyouliza, kwa hiyo nitakupa sababu zake kwa kirefu, nawe umsomee baba yake na kijana mwenyewe.

Katika barua yako neno "upasuaji" halikunishtua. Yaliyonishtua ni mawili uliyoyataja kwa kupita. Maumivu yamehama: yalikuwa yanakuja baada ya kazi, sasa yanakuja wakati wa kazi nyepesi. Na kasi imeshuka. Kijana wa miaka 15 anayekua vizuri anatakiwa kuongeza kasi mwezi hadi mwezi. Ikishuka huku kiwiko kinauma, mwili umeanza kujilinda wenyewe, hata kama mwenye mwili hataki kukubali.

Nikueleze kinachotokea ndani. Mrushaji anapojiandaa, mkono hurudi nyuma mpaka kigasha kinalala na kiganja kinatazama juu, wakati nyonga na kifua tayari vimeshamgeukia mpigaji. Kisha bega linauzungusha mkono kuja mbele. Kwa watu wazima wa Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani mzunguko huo hukaribia nyuzi 7,000 kwa sekunde, na ni mmoja wa miondoko ya kasi zaidi iliyowahi kupimwa katika mwili wa binadamu. Papo hapo upande wa ndani wa kiwiko unavutwa ufunguke, na upande wa nje unabanwa. Kinachoushikilia ule wa ndani ni ligamenti moja fupi, utepe mgumu unaounganisha mfupa wa mkono wa juu na mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole kidogo.

Wanaopima mambo haya wamekuta kwamba mvuto kwenye kiwiko cha mrushaji mtu mzima hupita newtonimita 60 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha au kupinda kitu). Ligamenti hiyohiyo, ikipimwa peke yake maabara, hukatika kwenye kama 32. Kwa hesabu hiyo kila mpira mmoja ungetosha kuikata! Haikatiki kwa sababu ina wasaidizi: misuli ya kigasha, ile inayokunja vidole na kifundo cha mkono, hubeba sehemu kubwa ya mzigo, na mifupa nayo hushikana. Misuli ikichoka msaada hupungua, lakini mpira bado unarushwa kwa nguvu ileile, na mzigo wote uliobaki huishia kwenye ligamenti. Ndiyo maana uchovu ni hatari kuliko jambo jingine lolote tunalolijua. Utafiti wa American Sports Medicine Institute ya Birmingham, Alabama, uliochapishwa mwaka 2006, uliwalinganisha vijana waliopasuliwa bega au kiwiko na wenzao ambao hawakuumia. Waliozoea kurusha mkono ukiwa umechoka walikuwa na uwezekano mara 36 zaidi wa kuwa kwenye kundi la waliopasuliwa. Walioshindana zaidi ya miezi 8 kwa mwaka, mara 5 zaidi. Sasa hesabu miezi ya mwanao: Machi hadi Oktoba ni 8, na baridi ikija anaendelea ukumbini.

Watu hudhani ligamenti hukatika siku moja kwa mpira mmoja mbaya. Huo mmoja mara nyingi ni wa mwisho tu. Huchakaa kama kamba ya kisima: uzi mmoja leo, mwingine mwezi ujao, na ndoo inaendelea kupanda na maji kama kawaida. Maumivu ndiyo habari pekee mtoto anayoipata kwamba nyuzi zinakwenda. Ibuprofen anayoimeza kabla ya mechi haiponyi chochote kiwikoni. Inamnyima habari hiyo. Tafadhali dawa za maumivu kabla ya kucheza zikome leo, hata kama makopo yake yanauzwa kila duka.

Sasa huo upasuaji. Umepewa jina la Tommy John, mrushaji wa mkono wa kushoto wa Los Angeles Dodgers. Julai 1974 ligamenti yake ilikatika katikati ya mechi, na enzi hizo jeraha hilo lilimaliza kazi ya mtu. Septemba mwaka huohuo Dkt. Frank Jobe alichukua kano (utepe unaounganisha msuli na mfupa) kutoka kigasha chake cha kulia, akatoboa matundu kwenye mifupa ya kiwiko cha kushoto na kuipitisha humo ishike nafasi ya ligamenti. Alimwambia uwezekano wa kurudi uwanjani ni 1 katika 100. John alikosa mwaka 1975 wote, akarudi 1976, akaendelea kurusha hadi 1989 akiwa na miaka 46. Katika ushindi wake 288, 164 aliupata baada ya kupasuliwa. Ni hadithi ya kweli na ni ya ajabu, lakini ndiyo iliyozaa imani anayokuuzia kocha. Na hayuko peke yake. Mwaka 2012 kulichapishwa utafiti uliowahoji wachezaji, wazazi na makocha, na karibu nusu ya wachezaji wa sekondari walisema upasuaji huo ufanywe hata kwa asiyeumia, ili kuongeza uwezo!

Kano iliyopandikizwa haimuongezei mtu nguvu, maana haisukumi mpira. Kazi yake ni kuzuia kiwiko kisifunguke, kama ilivyokuwa kazi ya ile ya zamani. Wanaorudi na kasi zaidi huwa wamefanya jambo ambalo hawakulifanya kabla: wamekaa mwaka mzima bila kushindana, wakijenga miguu, nyonga, mgongo na mabega chini ya usimamizi. Kijana aliyepasuliwa akiwa na miaka 16 anarudi ana 17, amerefuka na ameongeza uzito. Angeongeza kasi hiyo hata bila kisu. Na wale ambao hawakurudi kabisa hawaalikwi popote kusimulia.

Takwimu tunazozitegemea zinasema takriban warushaji 8 katika 10 wa Ligi Kuu wanaopasuliwa hurudi tena Ligi Kuu. Ni matokeo mazuri sana kwa jeraha zito. Lakini wawili hawarudi, na hao wote 10 wana mtaalamu wa mazoezi ya viungo kila asubuhi na mshahara unaoendelea kuingia. Kurudi huchukua miezi 12 hadi 18. Tena kiwiko kilichotengenezwa kinaweza kuharibika upya: kati ya warushaji wa Ligi Kuu, Jacob deGrom alipasuliwa 2010 na tena 2023, na Shohei Ohtani alipasuliwa kiwiko 2018 na tena 2023. Upasuaji huu ni tiba ya aliyeumia na anayetaka kuendelea kurusha. Asiyeumia hana cha kupata humo.

Kuna jambo ambalo kocha pengine hakulifikiria kabisa: mwanao ana miaka 15, na inawezekana ligamenti yake haina tatizo lolote. Upande wa ndani wa kiwiko kuna kinundu cha mfupa ambapo ligamenti ile na misuli ya kigasha hujishikiza. Kwa mtoto anayekua, kinundu hicho bado hakijaungana na mfupa mkubwa. Katikati yake kuna gegedu, mahali mfupa unapoendelea kukua. Kwa wavulana wengi pengo hilo hufunga kati ya miaka 15 na 17. Mpaka lifunge, gegedu ni dhaifu kuliko ligamenti, kwa hiyo mvuto ule niliokueleza hulivuta gegedu kwanza. Linavimba, linapanuka, na wakati mwingine kipande cha mfupa hunyofoka.

Tofauti hii ndiyo kila kitu kwa familia yako. Ikiwa ni gegedu, tiba kwa kawaida ni mapumziko ya kutorusha kwa wiki sita hadi miezi mitatu, mazoezi ya kuimarisha bega na kiwiliwili, kisha kurudi pole kwa pole kwa ratiba maalumu ya kurusha, mipira michache na umbali mfupi kwanza. Wengi hupona kabisa. Kumtoboa mifupa mtoto ambaye bado anakua, kwa tatizo ambalo lingepona kwa kupumzika, ni jambo ambalo daktari wa mifupa mwenye kujali hawezi kulikubali.

Tuje kwenye ile Alhamisi na Jumamosi. Tangu 2014 Ligi Kuu pamoja na chama cha USA Baseball wana mwongozo unaoitwa Pitch Smart. Kwa umri wa miaka 15 na 16, kiwango cha juu ni mipira 95 kwa siku, na ukirusha 76 au zaidi unapumzika siku nne kamili. Mwanao alirusha 88 Alhamisi. Hakutakiwa kupanda kilima, pale mrushaji anaposimama, kabla ya Jumanne. Alipumzika Ijumaa tu. Jumla ni mipira 148 ndani ya siku tatu, bila kuhesabu ya kupasha mwili, ambayo haiandikwi na mtu yeyote ingawa kiwiko kinaihesabu. Sidhani kuna kocha aliyekusudia kumuumiza. Kila mmoja ana daftari lake, na katika daftari lake yuko ndani ya kanuni. Anayeweza kujumlisha madaftari mawili ni wewe, mama. Akirudi uwanjani, andika mwenyewe: tarehe, timu, idadi ya mipira, kiwiko kilisema nini kesho yake.

Mwongozo huohuo unasema asizidishe awamu 100 (vipindi ambavyo mechi imegawanywa) kwa mwaka, na apate angalau miezi minne bila kurusha mashindanoni, ambayo miwili au mitatu kati yake iwe mfululizo bila kurusha kabisa. Namba hiyo ya 100 ina msingi: vijana waliofuatiliwa kwa miaka 10 walionesha kwamba waliopita awamu 100 kwa mwaka waliumia vibaya mara 3.5 zaidi. Na siku anayorusha, asigeuzwe kuwa mdakaji, yule anayedaka mipira ya mrushaji, katika mechi hiyohiyo, maana mdakaji naye hurusha mipira mingi tu.

Wazazi wenzako watakwambia tatizo ni mipira ya kupinda. Kila mtu uwanjani ana hakika na hilo. Vipimo havijaunga mkono: mvuto kwenye kiwiko kwa mpira wa kasi ni sawa na ule wa mpira wa kupinda, au hata unauzidi. Afundishwe mpira wa kupinda akishamudu mbinu na udhibiti, sina ugomvi na hilo, lakini usidhani kwamba akirusha ya moja kwa moja tu yuko salama. Mimi ningeogopa zaidi kile kipima kasi. Mtoto akijua kila mpira unapimwa, hakuna anaourusha kwa asilimia 80. Ripoti ya Ligi Kuu iliyotoka Desemba 2024, baada ya kuhoji zaidi ya wataalamu 200, ilisema hivyo kuhusu watu wazima: wanarusha kila mpira kwa nguvu zote, wakitafuta kasi na msokoto, na tabia hiyo inaanza utotoni. Wastani wa mpira wa kasi ulikuwa maili 91.3 kwa saa mwaka 2008. Mwaka 2024 ulikuwa 94.2. Upasuaji wa kiwiko katika Ligi Kuu na ligi ndogo zake ulikuwa 104 mwaka 2010. Mwaka 2024 ulikuwa 281.

Sasa swali lako la pesa, ambalo nadhani ndilo linalokukosesha usingizi.

Kazi ipo. Ligi Kuu ina timu 30, kila moja wachezaji 26, na warushaji hawaruhusiwi kuzidi 13. Kwa siku yoyote ya kawaida ya msimu, basi, kuna nafasi 390 za urushaji, na wanaozigombania wanatoka Marekani yote, Japani, Korea, Jamhuri ya Dominika, Venezuela na kwingineko. Mshahara wa chini kabisa huko mwaka 2025 ulikuwa dola 760,000. Hiyo ndiyo sehemu inayooneshwa kwenye televisheni.

Njia ya kufika huko haioneshwi sana. Kila Julai timu huchagua wachezaji wapya katika duru 20, wapatao 600 hivi kwa nafasi zote, wakati sekondari za Marekani zina wavulana zaidi ya 450,000 wanaocheza. Aliyechaguliwa anaanzia ligi ndogo na kupanda ngazi: Single-A, High-A, Double-A, Triple-A. Kwa mkataba wa 2023, kima cha chini cha Single-A kilikuwa dola 26,200 kwa mwaka na Triple-A 35,800. Dereva wa lori hapo Ohio anamzidi, na yeye hapandi basi usiku kucha kwenda kurusha mipira 15 mji mwingine. Wapo wanaopewa kitita kikubwa siku ya kusaini, hasa wa duru za mwanzo, lakini hao ni wachache, na wengi wanaoingia ligi ndogo hawafiki Ligi Kuu hata siku moja.

Tuseme amefika, na wengi hawafiki kabla ya miaka 23. Miaka kama mitatu ya mwanzo klabu ndiyo inayoamua mshahara wake, mara nyingi karibu na kile kima cha chini. Baada ya hapo anaweza kupeleka madai mbele ya wasuluhishi. Uhuru wa kwenda timu yoyote itakayompa zaidi unakuja baada ya miaka sita ya utumishi wa Ligi Kuu. Aliyeingia na miaka 24 anaupata akiwa na 30. Ukitafakari vizuri, mama, utaona kwamba kiwiko chenye thamani ya mamilioni ni kile cha mtu wa miaka 30. Hiki cha miaka 15 bado kinatakiwa kimfikishe huko, na katika kila mashindano ya kiangazi mwanao anakopa kutoka kwenye kiwiko hicho.

Na maskauti hao unaowaogopa kuwakosa wanajua hivyo. Timu haitoi pesa kabla madaktari wake hawajaona picha za mkono. Mwaka 1996 timu ya Texas Rangers ilimchagua mrushaji R.A. Dickey katika duru ya kwanza na kumuahidi dola 810,000. Mtu mmoja wa timu aliona picha yake jaridani, akashangaa jinsi mkono ulivyoning'inia. Vipimo vikaonesha hana ligamenti ile kiwikoni. Ofa ikashuka hadi dola 75,000. Dickey aliokoka kwa kujifunza mtindo adimu wa mpira wa polepole usio na mzunguko, na mwaka 2012 akiwa New York Mets alishinda tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake. Namtaja kwa sababu ya ile tofauti ya 810,000 na 75,000. Kijana anayetokea mbele ya skauti akiwa na kiwiko kinachouma na kasi iliyoshuka anajishushia bei mwenyewe, na jina lake linaandikwa hivyo daftarini.

Kama hofu ni kwamba asipojitoa mwili na roho sasa hatafika, mwangalie yule deGrom niliyemtaja. Chuoni Stetson, Florida, alikuwa mlinzi wa uwanja wa ndani, si mrushaji. Alianza kurusha katika mwaka wake wa tatu wa chuo. Alichaguliwa duru ya tisa, 2010. Alifika Ligi Kuu 2014 akiwa na miaka 25, akawa mchezaji bora chipukizi mwaka huohuo, na 2018 na 2019 akachukua tuzo ya mrushaji bora. Hakuna aliyemjua kwa urushaji akiwa na miaka 15. Sisemi kila mtu ni deGrom, na yeye mwenyewe kiwiko hakikumsamehe. Nasema mlango haufungwi mwaka huu.

Wala mlango haufunguliwi na ada. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasaini warushaji wawili kutoka Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, na mwaka uliofuata Pittsburgh Pirates wakamchukua Mganda mwingine, David Matoma. Hao hawakukulia kwenye klabu za kulipia za Marekani. Mkono mzuri hutafutwa hata Kampala. Kwa hiyo swali lako la kumwaga pesa, kwa maoni yangu: ada ya klabu ilipeni kama mtoto anafurahi na kocha anasikiliza mkisema kiwiko kinauma. Msiilipe kama uwekezaji. Lengo ambalo vijana wengi zaidi wanalifikia ni chuo, na hata huko ufadhili wa besiboli mara nyingi hugawanywa vipande vipande kati ya wachezaji, kwa hiyo alama zake za darasani zitalipa karo nyingi kuliko kasi yake.

Kwa baba yake nina maneno mawili. Ana haki ya kuogopa, na soka ni wazo zuri kuliko anavyojua, maana kijana anayecheza mchezo mwingine miezi ya Septemba hadi Desemba anaupa mkono likizo bila kukaa bure. Lakini kumwachisha mtoto wa miaka 15 kitu anachokipenda siku ileile anapoambiwa ameumia, hilo litamfundisha kuficha maumivu mengine yote. Mwambieni wazi kwamba akisema kweli kuhusu kiwiko hataadhibiwa kwa kunyang'anywa mchezo.

Cha kufanya wiki hii: omba miadi kwa daktari wa majeraha ya michezo, ikiwezekana anayeona watoto na vijana. Hospitali kubwa za watoto za Ohio zina vitengo hivyo. Uliza bima yako kama inataka barua kutoka kwa daktari wenu wa kawaida kwanza. Ombeni eksirei za viwiko vyote viwili, ili cha kulia kilinganishwe na cha kushoto. Kwa mtoto anayekua bila kulinganisha ni rahisi kukosea. MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili, huja baadaye ikihitajika. Peleka hesabu ya mipira ya miezi hii, hata kama ni ya kukisia, na mwache kijana ajieleze mwenyewe.

Daktari akikuta ni gegedu, nimeshakueleza. Akikuta ligamenti imevutika au imechanika kidogo, kwa kawaida huanza na miezi kama mitatu ya kutorusha pamoja na mazoezi ya viungo, kisha hupimwa tena. Wengi huepuka kisu hapo. Akikuta imekatika kabisa, mna uamuzi wa kweli wa kufanya, na hauna haraka ya siku mbili. Kwa maisha ya kawaida, hata kwa soka, kiwiko hufanya kazi vizuri bila ligamenti hiyo. Upasuaji unahitajika ikiwa anataka kuendelea kurusha. Kwa baadhi ya vijana ambao ligamenti imechomoka mwishoni tu na yenyewe ni nzima, siku hizi inawezekana kuishona na kuiongezea utepe wa kuitia nguvu, na kurudi huwa kwa haraka kuliko kupandikiza. Muulizeni daktari amefanya mangapi ya aina hiyo kwa vijana, na msione haya kutafuta maoni ya daktari wa pili.

Kwa kocha, sentensi moja inatosha: "Daktari amesema asirushe mpaka apimwe." Msibishane naye kuhusu Tommy John.

Wakati mnasubiri miadi, angalia mambo haya: mlio wa "tak" kiwikoni ukifuatwa na maumivu makali, uvimbe au kuvilia damu upande wa ndani, kiwiko kushindwa kunyooka au kukwama, ganzi au mchomo kwenye kidole kidogo na cha pete, maumivu yanayomwamsha usiku hata kama hajarusha. Likitokea lolote kati ya hayo, usisubiri tarehe ya miadi. Mpeleke siku hiyohiyo.